Mji wa Bala na Maji ya Liverpool

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tusafiri pamoja hadi Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza upande wa magharibi. Wengi wetu tukisema Waingereza tunawatia wote kapu moja: Waingereza wenyewe, Waskoti na Wawelisi. Wawelisi hawaipendi tabia hiyo. Mimi nami nilikuwa nayo, mpaka nilipokaa siku tatu katika mji mmoja mdogo uitwao Bala, nikarudi nimeelimika.

Jina lenyewe lilinichekesha nilipolisikia mara ya kwanza, kwa maana sikio la Mswahili husikia balaa. Kwa lugha ya wenyeji neno hilo lina maana ya mahali mto unapotokea ziwani, na kweli mji umejengwa pale mto Dee unapoanza safari yake kutoka katika ziwa la Tegid. Lakini kabla sijaondoka niligundua kwamba balaa nalo liliwahi kufika huko, na lilikuja kwa njia ya maji.

Nilikuwa Liverpool kwa shughuli zangu. Mwenyeji wangu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, alinimiminia glasi ya maji ya bomba akaniambia, tena kwa fahari kidogo, kwamba ninywe bila wasiwasi, maji yao yanatoka milima ya Wales. Nilikunywa, nikashukuru, sikuuliza zaidi. Siku ya pili nikapanda treni hadi Wrexham, na kutoka hapo nikachukua basi linaloufuata mto Dee kwenda juu, bonde hadi bonde. Neno la kwanza la Kiwelisi nililojifunza lilikuwa limeandikwa barabarani kwa rangi nyeupe: ARAF. Maana yake ni polepole. Chini yake wameandika neno hilohilo kwa Kiingereza, kwa faida ya wageni kama mimi.

Bala ni mji wa barabara moja. Barabara hiyo ni ndefu, pana na imenyooka, nyumba za mawe zimejipanga huku na huku, na ukifika mwisho wake hauko mbali na ziwa. Wakazi ni kiasi cha 2,000. Mji ulianzishwa mnamo mwaka 1310 ili uwe mahali pa soko, na soko ndilo lililoutunza. Katika karne ya 18 Bala ilikuwa na sifa kubwa kwa soksi ndefu za sufu. Msafiri mmoja wa zama hizo, Thomas Pennant, aliandika jinsi alivyowaona wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, wakifuma huku wakitembea njiani, na jinsi kilima kidogo kilicho pembeni mwa mji kilivyojaa wafumaji siku za kiangazi. Wakati wa baridi walikusanyika nyumba moja kuzunguka moto, mikono ikifuma na masikio yakisikiliza hadithi na kinubi. Viwanda vikaja vikaiua biashara ya soksi. Kondoo wamebaki. Wales nzima ina watu wapatao milioni tatu, na kondoo ni kama mara tatu yao.

Asubuhi ya kwanza niliingia katika bucha. Mbele yangu walikuwa akina mama wawili na kijana mmoja mwenye buti za matope. Walikuwa wakizungumza Kiwelisi na mwenye bucha, habari ndefu yenye vicheko, na nyama inapimwa. Ilipofika zamu yangu, mwenye bucha aligeuka akanisemesha kwa Kiingereza kizuri, akanihudumia, kisha akaendelea na wale wengine kwa lugha yao palepale walipoachia. Nimewasikia Waingereza wakilalamika kwamba ukiingia duka la Wawelisi, watu hubadilisha lugha ili wakusengenye. Nilivyoona mimi ni kinyume. Wao walikuwa wakizungumza lugha yao kabla sijafika, na waliibadilisha kwa ajili yangu.

Tena lugha hiyo haiogopi kuazima. Duka wanaliita siop, gari la kukodi ni tacsi, na gari moshi ni trên. Maneno hayo yametoka kwa jirani, lakini wameyavika tahajia yao wenyewe, kama sisi tulivyofanya kwa teksi na treni. Nilijisikia niko nyumbani kidogo.

Sasa, Bala iko ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Eryri. Kwa miaka mingi dunia imeijua kwa jina la Kiingereza la Snowdonia, lakini mwaka 2022 wakuu wake waliamua kutumia jina la Kiwelisi. Sisi tukisikia hifadhi ya taifa tunafikiria simba, tembo, na lango la kulipia. Eryri haina lango. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1951, mwaka uleule ambao Serengeti nayo ilifanywa hifadhi ya taifa. Lakini wakati Wamasai walitakiwa kuondoka Serengeti mwaka 1959, watu wa Eryri wamebaki ndani ya hifadhi yao. Ni watu wapatao 26,000, wenye mashamba, shule na makanisa, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Kazi kubwa ya mamlaka ya hifadhi ni kusimamia ujenzi. Ukitaka kujenga nyumba, au kuezeka upya jengo la zamani, utaulizwa kama inalingana na mazingira.

Nilipoelezwa hayo niliyasifu. Mama mwenye nyumba ya wageni nilikolala alinisikiliza, halafu akasema, kesho nitakupeleka mahali ukaone namna hifadhi ilivyotuhifadhi. Nitafika huko. Lakini kwanza lazima nieleze ni kwa nini mji mdogo namna hii una jina kubwa katika historia ya lugha yao.

Mwaka 1536 Mfalme Henry wa Nane alitia Wales chini ya sheria za Uingereza, na Kiingereza kikawa lugha pekee ya mahakama. Mtu asiyejua Kiingereza hakuweza kushika cheo cha serikali. Kwa kawaida lugha ikifukuzwa mahakamani na ofisini huanza kunyauka. Iliyoiokoa ni dini. Mwaka 1588 William Morgan, aliyezaliwa katika milima hiyohiyo ya Eryri na baadaye akawa askofu, alitoa Biblia nzima kwa Kiwelisi, na kuanzia hapo mkulima akawa na kitabu cha kusoma kwa lugha yake. Miaka 200 baadaye mhubiri mmoja wa Bala, Thomas Charles, alieneza shule za Jumapili ambamo watoto na watu wazima walifundishwa kusoma. Sanamu yake imesimama mbele ya kanisa mjini.

Husimuliwa kwamba mwaka 1800 binti wa mfuma nguo, Mary Jones, mwenye umri wa miaka 15, alitembea peku kiasi cha kilometa 40 kuvuka milima hadi Bala kununua Biblia kwa Thomas Charles, baada ya kuweka akiba kwa miaka sita. Kiu kama hiyo ya vitabu ndiyo Thomas Charles aliyokwenda kuieleza London, na mwaka 1804 kikaundwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje. Chama hicho ndicho kilichotoa Agano Jipya la Kiswahili la Askofu Edward Steere wa Unguja mwaka 1879. Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, uzi mmoja wa historia ya uchapaji wa Kiswahili unaanzia katika barabara ile moja ya Bala. Nilisimama mbele ya sanamu ile nikainamisha kichwa, si kwa ajili ya dini peke yake.

Lakini shule za siku za kazi zilikuwa na mambo mengine. Katika karne ya 19, katika shule nyingi za Wales, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa shingoni kibao chenye herufi mbili, W na N. Aliachiliwa pale tu alipomkamata mwenzake na kosa hilohilo, akamkabidhi kibao. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa viboko. Wasikilizaji wa Kenya hawahitaji nieleze zaidi, kwa maana wako wazee na vijana waliobeba disiki shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama zao, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya adhabu hiyo. Ubaya wake haukuwa viboko tu. Ubaya ni kwamba ilimgeuza mtoto kuwa mpelelezi wa mwenzake, na ilimfundisha kuwa lugha ya nyumbani ni kitu cha aibu kinachorushwa kutoka shingo hadi shingo.

Wako waliokata tamaa wakaamua kuhama. Michael D. Jones, mkuu wa chuo cha wachungaji hapo Bala, alikuwa kiongozi wa mawazo ya kutafuta nchi ya mbali ambako Kiwelisi kingekuwa lugha ya shule, kanisa na baraza. Mwaka 1865 watu wapatao 150 walipanda meli iitwayo Mimosa katika bandari ya Liverpool, wakavuka Atlantiki hadi Patagonia, kusini mwa Argentina. Wako wajukuu wao wanaokisema Kiwelisi huko hadi leo, pamoja na Kihispania. Shikeni mwaka huo, 1865, na jina la mji huo, Liverpool.

Siku ya pili yule mama alinitia katika gari lake, tukaenda kiasi cha kilometa saba kaskazini magharibi. Tulifika penye bwawa kubwa, maji ya kijivu, milima imelizunguka, kondoo wanakula kando yake. Mtalii angepiga picha akaondoka. Yeye alinyoosha kidole katikati ya maji akasema, pale palikuwa na shule. Pale posta. Pale kanisa.

Kijiji kilichokuwa hapo kiliitwa Capel Celyn, katika bonde la mto Tryweryn. Miaka ya 1950 halmashauri ya jiji la Liverpool ilitaka maji zaidi kwa ajili ya viwanda na nyumba zake. Haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya 1880 kijiji cha Llanwddyn, ng'ambo ya milima kusini mwa Bala, kilikuwa kimezamishwa kwa ajili ya Liverpool hiyohiyo. Safari hii halmashauri haikupita kwa serikali za mitaa za Wales kuomba kibali cha ujenzi. Ilipeleka muswada wake moja kwa moja katika Bunge la London. Mwaka 1956 wanakijiji, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Liverpool wakaandamana barabarani na mabango yao. Karibu wabunge wote wa Wales walipinga. Wakati huo wabunge wa Wales walikuwa 36 tu, katika Bunge la watu zaidi ya 600. Muswada ukapita mwaka 1957. Kuwa ndani ya hifadhi ya taifa hakukusaidia kitu. Anayetaka kubadilisha paa aliulizwa maswali, na anayetaka kuzamisha bonde zima alipata sheria yake.

Watu 48 kati ya 67 wa bonde hilo walipoteza makazi. Nyumba na mashamba 12 yalizama, pamoja na shule, posta na kanisa. Wafu wachache walifukuliwa wakahamishwa, na makaburi yaliyobaki yakafunikwa kwa zege. Kijiji chote kilikuwa cha wasema Kiwelisi watupu, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa maana vijiji vya namna hiyo vilikuwa vimeanza kuhesabika. Mwaka 1963 vijana watatu walilipua transfoma ya umeme kwenye eneo la ujenzi. Bwawa likaendelea. Mwaka 1965, miaka 100 kamili tangu Mimosa ing'oe nanga, wakubwa wa Liverpool walikuja kulifungua, wakazomewa, nyaya za vipaza sauti zikakatwa, na sherehe ikaisha kwa dakika chache.

Mama yule alikuwa na umri wa miaka kumi wakati huo. Baba yake alimleta kutazama maji yakipanda. Aliniambia kwamba hakumbuki kelele, anakumbuka baba yake amevua kofia kama mtu aliye mazishini. Mwaka wa ukame mkali, alisema, maji yakipungua sana kuta za mawe huonekana tena, na watu huenda kuzitazama. Kando ya bwawa limejengwa kanisa dogo la ukumbusho, na ukutani yamechongwa majina ya waliozikwa katika bonde.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile glasi ya maji. Maji ya bwawa lile hayaendi Liverpool kwa bomba. Hufunguliwa yakaingia mto Tryweryn, yakaungana na Dee karibu na Bala, yakateremka bonde lote lile nililopita kwa basi, na huko chini ndiko yanakochotwa. Yule mzee wa Liverpool hakuwa mtu mbaya. Alikuwa haelewi tu anakunywa nini, na mimi vivyo hivyo. Jiji lake lilikuja kuomba radhi rasmi mwaka 2005, miaka 40 baada ya ufunguzi.

Je, habari iliishia katika machozi? La. Nitawaelezeni, na hapa radio inaingia. Usiku wa tarehe 13 Februari 1962, wakati bwawa likijengwa, mwandishi Saunders Lewis alisoma mhadhara katika radio ya BBC, kwa Kiwelisi. Alisema kwamba hali ikiendelea vile, Kiwelisi kitakoma kuwa lugha hai mwanzoni mwa karne ya 21. Hakuishia katika kulia. Alitoa mfano wa mume na mke, Trefor na Eileen Beasley, kutoka kijiji kimoja cha kusini. Tangu mwaka 1952 walikataa kulipa kodi ya nyumba mpaka waletewe ankara ya Kiwelisi. Walifikishwa mahakamani mara kwa mara, na madalali wakabeba samani zao. Hawakutetereka. Mwaka 1960 halmashauri ikawaletea ankara yenye Kiwelisi. Kipande cha karatasi tu, mtu atasema. Lewis alisema fanyeni hivyo nchi nzima, na kwa utaratibu.

Vijana walimsikia. Mwaka huohuo wakaunda Chama cha Lugha ya Kiwelisi. Walikalia ofisi za posta, walipaka rangi vibao vya barabarani vilivyoandikwa kwa Kiingereza peke yake, walifungwa jela, wakatoka wakaendelea. Sheria ya kwanza ikaja mwaka 1967, nyingine mwaka 1993, na mwaka 2011 Kiwelisi kikatambuliwa kuwa lugha rasmi ya Wales. Mwaka 1980 serikali ilipovunja ahadi ya kuanzisha televisheni ya Kiwelisi, mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza kwamba atagoma kula hadi kufa. Serikali ikarudi nyuma kabla hajaanza, na kituo kikafunguliwa mwaka 1982. Tangu mwaka 1999 Wales ina bunge lake lenyewe. Nenda katika nchi hiyo utaona ukuta mmoja wa mawe, karibu na Aberystwyth, umeandikwa kwa rangi Cofiwch Dryweryn. Maana yake, Kumbukeni Tryweryn. T imekuwa D kwa sababu maneno ya Kiwelisi hubadilisha herufi ya mbele kufuatana na neno lililotangulia. Sisi tunaosema ulimi na ndimi hatuna haki ya kushangaa.

Lakini nisiwapambie. Mwaka 1901 nusu ya watu wa Wales walisema Kiwelisi. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000, chini ya mmoja kwa kila watano. Bala ni ngome, kwa kuwa huko wanaosema lugha hiyo ni wengi kuliko wasiosema. Hata hivyo yule mama ana watoto wawili, na wote wawili wanaishi mbali. Kazi ni chache, na nyumba ni ghali kwa sababu watu wenye fedha kutoka mbali hununua nyumba za pili za kuja kupumzikia kando ya ziwa. Mwaka 2023 halmashauri ya Gwynedd, ambayo Bala imo ndani yake, ilipandisha kodi ya ziada ya nyumba za namna hiyo hadi asilimia 150. Wapo wanaosema ni chuki kwa wageni. Wapo wanaosema nyumba yenye taa siku 30 kwa mwaka haitoi mtoto wa kwenda shule, na shule isiyo na mtoto haina lugha ya kufundisha. Nilipopita jioni nikaona madirisha ya giza katikati ya barabara, niliona hoja ya hao wa pili ina uzito.

Asubuhi ya kuondoka nilirudi katika bucha lile kuaga. Nilisema diolch, yaani asante, kwa lafudhi mbaya kabisa. Mwenye bucha alicheka, akanifanya nirudie mara tatu, na kijana mmoja kwenye foleni akanipigia makofi. Ni jambo dogo, lakini nililifikiria njia nzima hadi Liverpool. Sheria, televisheni na vibao vya barabarani vimeisaidia sana lugha ile, lakini mahali inapoishi hasa ni pale, mbele ya mizani, mtu anaponunua nusu kilo ya nyama na kuulizia hali ya mama mkwe.

Nasi tuna lugha zetu, Kiswahili na zile za vijijini tulikotoka. Hakuna jiji linalotaka kuzizamisha kwa maji. Ziko nyumba mijini ambako bibi akija kutoka shamba hawezi kusemezana na mjukuu wake, wala hakuna mtu aliyemvisha mtoto huyo kibao shingoni. Tumefanya wenyewe, taratibu, tukidhani tunamtafutia mtoto maisha. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Familia ya Beasley ilipoteza samani kwa sababu ya ankara moja. Sisi tunadaiwa kidogo zaidi ya hapo: kusema na watoto wetu jioni.

Nilipofika Liverpool, yule mzee alinimiminia tena glasi ya maji. Safari hii nilimsimulia yanakotoka. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kijiji kile kiliitwaje. Nikamtajia, akalirudia jina polepole hadi likamkaa.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.